Ndege Iliyorudi Nyuma

Baba yangu alikuwa amekwisha kusema hapana mara tatu, na mara zote tatu hakuwa amemwona mtu mwenyewe.

Mara ya kwanza aliisema mezani, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Nilikuwa nimemwambia kwamba kuna mtu, kwamba ni mtu mzima mwenye akili zake, na kwamba ni rubani jeshini. Akakirudisha kijiko kwenye sahani. "Msafiri," alisema. "Hapana." Mara ya pili aliisema akiwa amenipa mgongo, kichwa chake kimezama chini ya boneti ya gari. Mara ya tatu alimtuma mama aje aiseme kwa niaba yake. Mama akaja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanitazama, kisha akasema, "Baba yako anasema hapana. Mimi sijasema kitu."

Hayo maneno yake ya mwisho ndiyo niliyoyashika.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa na kazi yangu: mtabiri wa hali ya hewa katika uwanja wa ndege za jeshi, raia peke yangu katika chumba ambacho wengine wote walivaa buti. Ningeweza kuolewa bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini baba ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa vibao vya barabarani, siku zile chache aliponichukua kwenye lori lake. Aliendesha malori makubwa ya masafa marefu kwa miaka thelathini na minne. Sikutaka siku ya harusi yangu aje akae pembeni kama mtu aliyekosea mlango.

Basi uwanja wetu ulipotangaza maonyesho ya ndege za kijeshi, niliomba kadi tatu za wageni: ya baba, ya mama, na ya shangazi, dada yake baba, ambaye asingenisamehe kama angeachwa.

"Na huyo mtu wako atakuwa anaruka?" baba aliuliza alipoiona kadi.

"Ataruka."

"Utanionyesha yupi?"

"Sitakuonyesha. Utawatazama wote, halafu wewe ndiye utakayeniambia yupi."

Baba alipenda kupimwa. Niliona jicho lake likichangamka kabla hajalizuia. "Na nikikosea?"

"Ukikosea, sitamtaja kwako mwaka mzima."

"Na nikipatia?"

"Utaongea naye dakika kumi. Kumi tu, baba."

Aliigeuzageuza ile kadi mkononi. "Mwaka mzima," alisema, kama mtu anayeonja chai kuona kama sukari imekolea. "Haya. Tumeafikiana."

*

Siku yenyewe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilisimama mbele ya marubani wote nikiwa na ramani yangu. Mawingu yalikuwa yamekaa chini, futi elfu mbili tu kutoka ardhini. Kila rubani wa maonyesho huwa na mipango miwili au mitatu kichwani: wa mawingu ya juu, ambao humruhusu kupanda na kupinduka anavyotaka, na wa mawingu ya chini, ambao humlazimu aonyeshe yote aliyonayo akiwa karibu na nyasi. Niliwaambia kwamba ndege za asubuhi zitumie mpango wa chini. Mawingu yangepanda kuanzia saa sita. Upepo ungesukuma kuelekea kwa watazamaji hadi saa nane, kisha ungegeuka.

"Maswali?"

Mkono mmoja uliinuka kule nyuma kabisa. Ulikuwa uleule wa siku zote.

"Upepo utageuka saa ngapi?"

Wenzake wakacheka. Walimwita Taratibu, kwa sababu aliendesha ndege ya mizigo yenye injini nne za mapanga yanayozunguka, ndege nene iliyotembea kama mama mjamzito kati ya zile za kivita zilizochongoka kama kalamu. Jina hilo alilivaa bila kinyongo. Miaka miwili alikuwa ananiuliza saa ya upepo kugeuka wakati nimeshaitaja. Ilinichukua miezi minne kujua kwamba anaijua.

"Nimesema saa nane, Kapteni. Wewe unaanza saa nane kasorobo. Kama utakukuta, itategemea utachelewa au la."

"Sichelewi, Bi Mawingu. Naenda taratibu tu."

Alinitazama kwa muda ambao mtu husoma mstari mmoja kabla ya kufunua ukurasa. Nikarudi kwenye ramani yangu, nikakuta sijui nilikuwa nimefikia wapi.

Baadaye alinikuta kwenye korido, amebeba kofia yake kwapani. Hakunigusa. Pale kazini tulikuwa tumekubaliana hivyo, na makubaliano hayo yalikuwa yanatuuma sisi wawili zaidi ya mtu mwingine yeyote.

"Wamekuja?"

"Wako njiani."

"Nifanye nini ili baba yako anipende?"

"Haji kukupenda. Anakuja kukukagua."

Akafikiri. Alikuwa na namna ya kufikiri iliyonifanya nitake kumwekea mkono usoni, macho yake yakienda pembeni kidogo kama anasoma vipimo vya dashibodi ya ndege. "Basi nitafanya kama kila siku," alisema. "Nikijaribu kumfurahisha mtu, nitatua vibaya."

*

Shangazi alifika na kofia pana kama sinia, darubini ya kuazima na kalamu. Alichukua karatasi ya ratiba, akaigeuza, akachora mistari nyuma yake.

"Natoa maksi," alitutangazia. "Juu ya kumi. Mtu akija kuoa katika ukoo huu, lazima awe na maksi zake."

"Shangazi, maonyesho si ya kutafuta mchumba."

"Kwako wewe."

Mama alikaa kati yangu na baba, mkoba mapajani. Baba alikunja mikono kifuani na kuitazama njia ya kurukia, urefu wake wote, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, kama alivyokuwa akiitazama barabara mpya kabla ya kuingiza gari.

Saa tano kamili ikaja ndege ya kivita. Ilitufikia kabla ya sauti yake. Tuliona kitu cha kijivu kikipita chini ya mawingu, kimya, kisha mngurumo ukatuangukia na benchi likatetemeka chini yetu. Shangazi alishika kofia yake. Ndege ikalala ubavu, ikazunguka mbele yetu mzunguko mmoja mkali, na juu ya mabawa yake ukatokea mvuke mweupe, ukakatika, ukatokea tena. Kwa kuwa haikuweza kupanda, rubani aliyafanya yote kwa upana: alikata kona pale ambapo ungeapa hakuna nafasi ya kona, akapita polepole pua imeinuka huku moto wa nyuma ukiwaka, kisha akaondoka kama jiwe la manati.

"Tisa," alisema shangazi, akiandika. "Tisa na nusu. Kama ndiye yeye, kaka, mimi nakubali leo hii."

"Ana nguvu nyingi," alisema baba.

"Unaona wivu."

"Sina wivu. Nasema kweli. Nguvu anayo, na anajua kuitumia. Uliona pale kwenye kona ya tatu? Upepo ulikuwa unamleta huku kwetu. Alianza kukata mapema kuliko kona ya kwanza. Hakungoja asukumwe ndipo ajitetee." Akanigeukia. "Upepo unatoka kule, siyo?"

"Ndiyo, baba."

"Huyo kijana ana akili," alisema, na akanitazama mikono.

Saa sita zikaja ndege sita ndogo za rangi nyekundu, zikitoa moshi mweupe nyuma, zimekaribiana kiasi kwamba ungedhani zimeshonwa. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda, kama nilivyosema. Nilijisikia fahari ya kijinga, kana kwamba nimeyainua kwa mikono yangu. Zile sita zikapanda pamoja, zikapinduka pamoja, zikashuka zikiwa bado zimeshikana, kisha zikapasuka kila moja upande wake kama ua lililofunguka ghafla. Watu wakapiga makofi. Shangazi akaandika tisa, akafuta, akaandika nane, kwa maelezo kwamba hakujua amtazame nani.

"Mtazame wa mwisho," baba alisema. "Yule wa nyuma kabisa. Wote wanamsifu anayeongoza. Lakini tukienda malori sita barabara moja, wa mbele anaona njia na wa nyuma anaona vumbi. Yule wa nyuma amekaa kwenye moshi wa wenzake watano, na hajatoka nje ya mstari hata mara moja."

"Basi ndiye?" mama aliuliza kwa upole.

Baba alinitazama tena. Nilikuwa natafuna ncha ya kamba ya kitambulisho changu. "Bado," alisema.

Helikopta ilikuja saa saba. Hiyo ndiyo iliyomteka mama. Ilisimama hewani mbele yetu, nyasi zikilala chini yake, ikamshusha mtu kwa kamba hadi kwenye duara lililochorwa chini, ikamngoja amfunge mwenzake aliyejifanya majeruhi, ikawapandisha wote wawili bila kutikisika. Yule mtu wa kamba hakubembea. Alishuka kama ndoo inavyoshuka kisimani mkononi mwa mtu asiye na haraka.

"Huyu ana subira," alisema mama. "Wale wengine walipita. Huyu amekaa."

"Maksi, wifi," shangazi alidai.

"Kumi."

"Wifi, hakuna mtu anayepewa kumi."

"Andika kumi," alisema mama, na shangazi akaandika.

*

Saa nane kasorobo nilisikia injini nne zikiwashwa, moja baada ya nyingine, kule mwisho wa uwanja. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitakaa kama nilivyokaa kwa wengine, mikono mapajani, uso wa kazini.

Ndege ya mizigo haikufika kwa kishindo. Ilikimbia mwendo mfupi, mfupi mno kwa mwili wake, ikang'oa magurudumu na kupanda kama lifti. Mtu wa benchi la mbele yetu akasema, "Ebo." Ikageuka juu ya miti, bawa moja likielekea chini, ikarudi mbele yetu polepole, na mlango wake mkubwa wa nyuma ulikuwa wazi, mtu amekaa mlangoni, amefungwa mikanda, anatupungia mkono kama aliyekaa barazani kwake. Watu wakacheka na kumpungia. Kisha ndege ikapanda, ikaenda mbali, ikageuza pua.

Ikashuka wima zaidi kuliko nilivyoizoea. Nilijua anavyofanya. Nilikuwa nimemwona akifanya mazoezi mara kumi na moja. Nilijua pia kwamba upepo ulikuwa unageuka dakika zilezile, kwa sababu bendera juu ya mnara ilikuwa imelegea na kuanza kutafuta upande mwingine. Nikayatazama mawingu. Niliyatazama kama mtu aliyepewa mtihani wa mawingu.

Magurudumu yakagusa. Vumbi likaruka, injini zikanguruma zikisukuma kinyume, na lile dude lote likasimama. Liliposimama lilikuwa bado halijafika kwenye mwanzo wa majukwaa.

"Hajatumia hata robo ya barabara," alisema baba. Alikuwa amekunjua mikono.

Halafu ndege ikaanza kurudi nyuma.

Wengi hawakujua kwamba ndege inaweza kurudi nyuma. Makelele yalikatika. Ilirudi polepole, mapanga yakinguruma, mkia ukitangulia, ikifuata mstari mweupe wa katikati. Ikasimama. Ikasogea mbele kidogo, hatua chache, ikarudi tena. Kisha ikageukia palepale ilipo kama mtu anayegeuka jikoni akiwa na sufuria ya moto, ikatukabili, na kwa kukanyaga breki mara moja ikainamisha pua yake mbele yetu.

Watu wakacheka kwa furaha na kupiga makofi. Baba alikuwa amesimama. Hakupiga makofi. Alivua kofia yake, akaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

"Ungeweza kuweka trei ya mayai mle ndani," alisema, si kwa mmoja wetu. "Trei ya mayai juu ya siti, wala lisipasuke hata moja."

"Saba," alisema shangazi. "Ile ya kwanza ilikuwa na moto."

"Dada yangu, kaa kimya kidogo."

Akakaa chini. Alivaa kofia yake, akaivua tena. Kisha akanigeukia, na nikajua.

"Ndiye huyu," alisema.

Nikashika kamba ya kitambulisho changu.

"Wale wengine uliwatazama. Huyu ulitazama mawingu."

Mama alinishika kiganja. Kwa muda wote wa lile onyesho nilikuwa nimejibana vidole hadi kucha zimeacha alama, na sikujua.

"Umepatia, baba."

"Ningeweza kusema ni yule wa moto. Ningepata mwaka wangu wa amani."

"Ungeweza."

"Ila ningekuwa nimemdhulumu mtu kazi yake." Akaitazama tena ile ndege. "Ni bora kuliko wote. Nimewaona leo, wote ni wazuri, sijamwona mbovu hata mmoja, na huyu ni bora kuliko wote. Na jibu langu ni lilelile."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Kwa nini?"

"Angekuwa wa hovyo ningekuruhusu." Sauti yake ilishuka. "Mtu wa hovyo hatumwi. Wa hovyo anakaa nyumbani, wanamtafutia kazi ya ofisini. Mzuri ndiye anayepigiwa simu kila pakiwa na njia mbaya. Mimi nilikuwa mzuri, mwanangu. Kila mzigo mgumu walisema mpe yule. Wewe ulizaliwa niko safarini. Ulianza kutembea niko safarini. Ulipougua ile homa, mama yako alikaa na wewe hospitali siku tisa, na mimi nilirudi nikakuta umeshapona, nikakuletea mwanasesere. Huyo mtu namjua. Huyo mtu ni mimi. Siwezi kukupa mume aliye mimi."

Shangazi alikuwa ameweka kalamu chini.

*

Lakini ahadi ni ahadi, na baba hakuwa mtu wa kuvunja neno lake. Saa tisa niliwapeleka mpaka pale ndege zilipoegeshwa. Taratibu alikuwa amesimama chini ya bawa, bado ndani ya ovaroli yake, jasho limekauka shingoni. Alipotuona alijinyoosha, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona hajui mikono aiweke wapi.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," walijibu, baba wa mwisho.

Baba hakumpa mkono. Alimpita, akaenda kwenye gurudumu, akachutama, akaligusa tairi kwa kiganja. Taratibu akamfuata na kuchutama kando yake. Sisi wanawake watatu tulibaki tumesimama tukiwatazama wanaume wawili wanavyotazama tairi.

"Mara ya kwanza ulirudi nyuma vizuri," alisema baba. "Kwa nini ulisogea mbele na kurudi tena?"

"Nilikuwa nimetoka kwenye mstari, mzee. Kama mita moja hivi, upande wa kulia. Upepo uligeuka."

"Hakuna aliyeona."

"Wewe umeona."

Baba alifuta kiganja kwenye suruali. "Kioo chako cha nyuma kiko wapi?"

"Sina kioo. Kuna mwenzangu anakaa mlangoni kule nyuma. Yeye ndiye anayeona, ananiambia kwenye spika za masikio. Kulia, kushoto, simama."

"Huoni chochote?"

"Sioni chochote."

"Na unakwenda tu?"

"Akiniambia niende, naenda. Akinyamaza, nasimama."

Nilimwona baba akilitafuna jibu hilo huku na huku. Kisha akauliza kile alichokuja kuuliza.

"Mwaka jana ulikuwa nje siku ngapi?"

Nilimjua Taratibu. Nilijua kwamba hatadanganya.

"Mia moja themanini na mbili."

"Na mwaka huu?"

"Zitapungua kidogo. Sitakudanganya, mzee, hazitapungua sana. Ndiyo kazi yangu, na naipenda. Nampenda binti yako zaidi ya kazi, lakini siwezi kukuambia kwamba kesho nitaacha kuruka. Nikiacha, atakuwa ameolewa na mtu mwingine, si mimi aliyenichagua."

Baba aliinuka taratibu, mkono kwenye goti. "Asante kwa ukweli," alisema. Alinigeukia, na uso wake haukuwa na ushindi wowote. "Umesikia mwenyewe. Nusu ya mwaka."

Hapo ndipo mama aliposema.

"Safari yake ya mwisho alikwenda wapi?" Aliniuliza mimi, si Taratibu.

"Kule kwenye mafuriko, mama. Walipeleka mahema na unga."

"Ilikuwaje?"

Sikujua anataka nini, nikamweleza tu. Nikamwambia walivyotua kwenye barabara ya lami kwa sababu uwanja ulikuwa chini ya maji. Nikamwambia juu ya mzee mmoja aliyekataa kupanda bila mbuzi wake, na jinsi mbuzi alivyopanda, akalala njia nzima chini ya kiti cha fundi. Nikamwambia kwamba Taratibu aliogopa siku ya pili, mvua ilipomziba macho, na kwamba alinipigia simu jioni akaniambia ameogopa, akanyamaza, nikanyamaza naye, hadi hofu ikamtoka.

"Alikuambia yote hayo?"

"Huwa ananiambia. Akirudi, au kwa simu. Kila safari."

Mama akaitikia kwa kichwa. Alikuwa bado ameukumbatia mkoba wake. "Baba watoto," alisema, "hujawahi kuniuliza kama nilikuwa mpweke. Umeamua tu kwamba nilikuwa, na umebeba hilo miaka yote kama gunia. Nilizoea kutokuwepo kwako. Nilikuwa na mtoto, nilikuwa na kazi yangu, nilikuwa na wifi huyu hapa akinichekesha. Kilichonishinda ni kwamba ukirudi, hurudi. Unakula, unalala, unatengeneza gari. Miaka thelathini na minne sijui hata jina la mji mmoja ulikolala. Nilikuwa nakungoja kwa siku ishirini, halafu nakungoja tena ukiwa umekaa mbele yangu."

Fundi mmoja alipita na ngazi begani, akatuona, akabadili njia.

"Hukuwahi kuniambia," alisema baba hatimaye.

"Hukuwahi kuniuliza."

Baba alilitazama bawa lililokuwa juu yetu, muda mrefu, utadhani ameandikiwa kitu pale. Taratibu alikuwa amenisogelea bila kujijua, kiasi kwamba kiwiko chake kiligusa changu, na hakuna kati yetu aliyekumbuka makubaliano yetu ya kazini.

"Wewe," baba alimwambia, bila kumtazama. "Jumapili huruki?"

"Siruki, mzee."

"Njoo nyumbani saa nne. Uje na wazazi wako."

Mtu huyu alikuwa ameituliza ndege ya tani sitini mbele ya umati wa watu, upepo ukimgeukia. Sasa alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena, akasema kwa heshima zote:

"Marahaba, mzee."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashika tairi. Mama naye akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika, na baba, baba yangu ambaye hacheki nje ya nyumba yake, alilazimika kutugeuzia mgongo.

"Sijamsalimia na tayari nimeitikiwa," alisema akiwa amegeuka hivyohivyo. "Twendeni kabla hajanipa na baraka."

Wakatangulia. Nilibaki nyuma kwa hatua tatu, labda nne.

"Nimeharibu?" Taratibu alininong'oneza.

"Umeharibu vizuri."

Alinishika mkono, pale mbele ya mafundi na ngazi zao, akaubana mara moja, akauachia. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Nilikaa na unyevu huo mkononi mpaka kwenye maegesho.

*

Baba aliendesha. Shangazi alilala kabla hatujafika kwenye lango, kofia imemfunika uso, karatasi ya maksi imekunjwa ndani ya mkono. Mimi nilikaa nyuma ya mama. Barabara ilikuwa imejaa magari ya watu waliotoka kwenye maonyesho, tukawa tunakwenda hatua kwa hatua. Mama aliwasha redio.

Tulipita taa mbili za barabarani. Baba alikohoa.

"Kulikuwa na mji mmoja," alisema, "kule mpakani. Tulikuwa tunalala pale tukingoja karatasi za forodha. Kulikuwa na mwanamke anayeuza maji, na kila gari likiingia alikuwa anatuuliza kama tumemwona mumewe."

Niliona vidole vyake vikijikunja na kujikunjua kwenye usukani. Nilidhani ameishia hapo.

Mama alinyoosha mkono, akazima redio.

"Mji gani?" aliuliza.

Baba akautaja. Simu yangu ikatetemeka mapajani, na nilijua ni nani, na nilijua kwamba atangoja. Nikaigeuza uso chini. Mbele yangu mama alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti chake, mgongo kwenye mlango, anamtazama mumewe.

"Endelea," alisema. "Ukamjibu nini?"